Jimny iliyotoka kwenye theluji itaweza tope la Amani?

"Mimi ni muuguzi, nakaa Majani Mapana hapa Tanga mjini. Mama yangu anaishi Amani, na tangu baba afariki nampandia kila baada ya wiki mbili, nikiwa na mtoto mmoja au wawili na mizigo ya dukani. Masika usafiri hukatika. Mwaka jana nilikaa wiki tatu bila kumwona. Nina milioni 13. Dalali amenionyesha magari mawili. La kwanza ni Suzuki Jimny ya cc 660, ya 2006, gia za mkono. Anasema imetoka Hokkaido huko Japani, ilikuwa inatembea kwenye theluji na bado imevaa tairi zake za theluji, kwa hiyo tope la Amani kwake ni mchezo. La pili ni RAV4 ya 2003, otomatiki, namba D, safi sana ndani, ila mwenyewe alitoa propela ya nyuma ili ipunguze kula mafuta. Anasema propela ipo nyumbani, itarudishwa. Mume wangu anasema cc 660 ni injini ya pikipiki, haitapanda ule mlima. Ninunue lipi? Na mtu asiye fundi aangalie nini?"

Dada yangu, pole kwa msiba wa baba, na pole kwa zile wiki tatu. Njia ya Muheza kwenda Amani naijua vizuri. Nimepiga magoti kwenye tope lake mara nyingi, nikichimbua tairi za watu na za kwangu, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Nikikusoma vizuri, unataka gari litakalokufikisha kwa mama mwezi wa nne na kukurudisha kazini Jumatatu asubuhi, bila kukuacha na watoto kwenye kona giza likiingia. Basi nikupe jibu mapema. Kati ya hayo mawili, Jimny ndiyo gari la njia hiyo, lakini sababu alizokupa dalali si zenyewe, na usitoe hata shilingi kabla fundi hajalala chini yake na nyundo mkononi. RAV4 hiyo iache, hata akikupunguzia milioni mbili.

Tuanze na theluji, maana ndiyo hadithi inayouza magari mengi siku hizi. Hokkaido ni kisiwa cha kaskazini kabisa mwa Japani na theluji hulala huko kwa miezi. Magari ya kule mengi huwa ni ya 4WD kweli, yaani yanayovuta kwa tairi zote nne, na mengine hutengenezwa kwa ajili ya baridi: betri kubwa zaidi, hita yenye nguvu, waya za joto za kuyeyusha barafu kwenye vioo. Yote hayo mazuri, na hakuna hata moja litakalokusaidia ukizama kwenye tope jekundu la Amani. Theluji na tope havifanani hata kidogo. Kuna vitu viwili ambavyo gari la theluji huja navyo, na vyote viwili vinakuhusu: tairi na chumvi.

Tairi za theluji hutengenezwa kwa mpira laini sana, ili baridi ikishuka chini ya nyuzi 0 mpira usikakamae. Ukizitazama kwa karibu utaona kila kipande cha kashata, ule mpira unaokanyaga barabara, kimechanjwa mistari myembamba kama chale, mingi, ya kupindapinda. Mistari ile hung'ata barafu, na theluji ikijaa kwenye mifereji ya tairi haiharibu kitu, kwa sababu theluji hushikana na theluji. Tope linafanya kinyume chake. Likishajaa kwenye vile vichanjo halitoki, na ndani ya mzunguko mmoja tairi imekuwa duara laini, kama donge la ugali lililochovywa kwenye mlenda. Tope linataka mifereji mipana inayolitema kila tairi inapozunguka. Tena hapa kwetu joto la lami ya mchana hulainisha mpira ule kupita kiasi. Unaisha haraka, gari linayumba kwenye kona, na kwenye lami iliyolowa breki inachelewa kushika. Una zaidi ya kilomita 30 za lami kutoka mjini mpaka Muheza kabla hujaanza kupanda, na magari makubwa yapo njia nzima.

Kwa hiyo aliposema "bado imevaa tairi zake za theluji" dalali alikuwa anakutajia gharama yako ya kwanza. Kuzitambua ni rahisi. Ubavuni utakuta neno STUDLESS, au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima wenye vilele vitatu. Ukiwa hapo hapo ubavuni tafuta pia tarakimu nne zilizokaa peke yake ndani ya kiduara kirefu. 3814 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014. Tairi ikizeeka, hata kashata ziwe ndefu vipi, mpira umeshakufa.

Chumvi ndiyo inayonitisha zaidi. Kule wakitaka kuyeyusha barafu barabarani humwaga chumvi, na mara nyingine ile ya kalsiamu ambayo hunyonya unyevu hewani na kukaa imelowa. Gari linapita, maji yale ya chumvi yanarushwa juu, yanaingia ndani ya mihimili ya chesisi na yanakaa humo. Miaka kumi hivyo. Kisha gari linapanda meli, linakuja Tanga, kwenye upepo wa bahari ambao nao una chumvi yake. Kutu iliyokuwa inatambaa sasa inakimbia.

Nitakuonyesha inavyokuwa. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa Jimny ya bluu kuikagua, imeoshwa inang'aa. Nilipolala chini nikakuta kila kitu cheusi tii: chesisi, ekseli, hata mabomba ya breki, vyote vimepuliziwa rangi nzito ya lami. Muuzaji akasema ni kinga. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga chesisi kutoka mbele. Ngi, ngi, ngi. Chuma kizima hulia hivyo. Nikafika nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli, mlio ukabadilika ukawa bufu, kama unagonga boga. Nikasukuma bisibisi kwa mkono tu, bila kupiga. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Ile rangi nyeusi ilikuwa imeshika sura ya chuma, na chuma chenyewe kilishakuwa unga. Nilipoichomoa bisibisi, unga wa rangi ya kahawia ukanimwagikia usoni kama ugoro. Kijana aliyetaka kuinunua alikuwa amesimama pembeni na pesa mfukoni.

Jimny imejengwa kwa mtindo wa lori: chesisi yake peke yake, bodi imeketi juu yake kwenye mpira na bolti, ekseli nzima mbele na nyuma. Ndiyo sababu ni imara kwenye mabonde. Lakini ndiyo sababu pia chesisi ikioza gari limekwisha, kwa kuwa kila kitu kinaning'inia pale. Kutu ya juujuu, ile nyekundu inayofutika kwa brashi ya waya, isikutishe. Gari la 2006 halikosi. Ya kuogopa ni ile inayobanduka kwa magamba, au mahali palipoviringishwa bati na kuchomelewa juu. Mwambie fundi agonge hasa juu ya ekseli ya nyuma, mahali mikono ya ekseli inapofungwa kwenye chesisi, na pale bodi inapokaa. Wewe mwenyewe fungua mlango, nyanyua zulia chini ya miguu ya dereva, na upapase. Kisha pitisha vidole ndani ya ukingo wa bodi juu ya tairi za nyuma. Ukikuta chesisi imepakwa rangi mpya nyeusi, omba ikwanguliwe sehemu tatu za ukubwa wa kiganja. Mwenye gari zima atakubali.

Kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, iombe. Ina mchoro wa gari umejaa herufi: S ni kutu, C ni chuma kilicholika, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa wake. Si kila muuzaji anayo, na kuikosa peke yake si kosa.

Sasa injini, na hapa shemeji yangu ana sehemu ya haki. Cc 660 ni ndogo. Lakini ile ina turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, inatoa nguvu za farasi 64, na inavuta gari lenye uzito wa kama tani moja tu. Kwenye lami, ukiwa na abiria wanne unapandisha kuelekea Segera, utaisikia ikilalamika na malori yatakupumulia kisogoni. Hilo kweli, na kama mnafikiri kwenda nayo Dar kila mwezi, mume wako amesema neno. Mlima wa Amani ni habari nyingine. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kile kipande cha kutoka lango la Zigi kwenda juu hakipandwi kwa mwendo. Kwenye tope ukienda kilomita 15 kwa saa umeenda vizuri. Pale kinachotakiwa ni nguvu ya polepole, na Jimny inayo kwa sababu ina gia nzito, ile iliyoandikwa 4L. Ukiiweka, mzunguko unaofika kwenye tairi unapungua kwa karibu nusu na nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa karibu mara mbili. Yale yale unayoyaona kwenye baiskeli ya gia anapopanda mtu kilima: miguu inazunguka sana, baiskeli inakwenda polepole, lakini inapanda. RAV4 yenye injini mara tatu ya hiyo haina gia nzito kabisa.

Kizuri zaidi ni wakati wa kushuka. Watu wengi hufikiri 4WD inasaidia kusimama. Haisaidii hata kidogo. Kila gari lina breki kwenye tairi zote nne, na kwenye utelezi ukikanyaga breki ghafla tairi zinafunga na gari linakwenda linakotaka, liwe la 4WD au lisiwe. Lakini ukishuka na gia nzito namba moja, bila kukanyaga klachi, injini yenyewe inalishikilia gari na breki zako zinabaki za baridi. Wewe na watoto mtashuka ule mlima mara nyingi kama mtakavyoupanda, na wanaopata ajali pale mara nyingi huwa wanashuka.

Niingie sasa kwenye 4WD yenyewe, maana bila kuelewa hili utauziwa gari lenye herufi tu mgongoni.

Gari likikata kona, tairi ya nje inasafiri njia ndefu kuliko ya ndani. Ili zisikwaruzane, katikati ya ekseli kuna difu, ambayo inaziruhusu zizunguke kwa mwendo tofauti. Difu ina tabia moja: inazigawia tairi mbili nguvu sawa. Ukisimamisha tairi moja kwenye tope laini, ile haihitaji nguvu yoyote kuzunguka, basi na mwenzake aliye kwenye udongo mgumu anapewa kiasi kile kile kidogo. Unaona tairi moja inarusha tope mpaka kwenye kioo na nyingine imetulia. Gari la kawaida hapo limekwama. Gari la 4WD ya kweli lina ekseli ya pili inayovuta kwa wakati huo huo, na kwa kawaida hiyo ndiyo inayokutoa. Usiione ni miujiza, maana tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikipoteza mshiko pamoja, Jimny nayo inakwama. Ndiyo maana nimeanza na tairi kabla ya 4WD. Ningekuwa na gari la kawaida lililoinuka kidogo na lina tairi nzuri, miezi mingi ya mwaka ningefika Amani kabla ya 4WD yenye tairi za kipara.

Kwenye Jimny ya umri huo unabonyeza kitufe na mambo mawili yanatakiwa kutokea. Giaboksi ya pili inaunganisha propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, na habu (vitovu) za tairi za mbele zinajifunga zenyewe kwa mvuto wa upepo kutoka injini, unaopita kwenye mipira myembamba kama mrija wa soda. Mipira hiyo ikipasuka, habu hazifungi. Mimi yamenikuta na Jimny niliyoinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba kila kitu kinafanya kazi, nami nikaijaribu kwenye lami tu. Juu ya Zigi, mvua inanyesha, nikabonyeza 4WD. Taa kwenye dashibodi ikawa inapepesa na haitulii. Nikakanyaga mafuta, gari likawa linachimba kaburi lake nyuma. Nikashuka, nikamwomba kijana mmoja anikanyagie mafuta kidogo huku nimeinama pembeni ya tairi ya mbele. Imetulia tuli, haijagusika. Nililala kwa mwenyeji usiku ule. Kesho yake tulikuta mpira umechanika karibu na tairi ya kushoto, kipande cha urefu wa kiganja, na kuubadilisha hakukuzidi nusu saa.

Kwa hiyo jaribio langu ni hili, na unaweza kulifanya bila kuwa fundi. Mwambie dalali akupeleke mahali penye mchanga au changarawe, si kwenye lami. Injini ikiwaka bonyeza 4WD na uangalie taa: iwake na itulie. Kisha kata stelingi mpaka mwisho, uende polepole mno ukizunguka duara. Utaisikia Jimny ikijizuia, kama mtu anakushika koti kwa nyuma, na stelingi inakuwa nzito. Hiyo ni dalili njema. Tairi za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja na zinagombana kwenye kona. Rudisha 2WD, zunguka tena, na kule kuzuiwa kutoweke. Kama hakuna tofauti, 4WD haipo. Simama, kanyaga klachi, weka 4L, na uhakikishe inaingia na kutoka bila ugomvi.

Kule kugombana ndiko kunakokataza kutumia 4WD ya Jimny kwenye lami kavu. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na mvutano unatoka. Kwenye lami hauna pa kutokea, unarundikana ndani ya giaboksi na propela mpaka kitu kivunjike. Bonyeza ukishaiacha lami ya Muheza, toa ukiikuta tena.

Mengine ya Jimny nayapitia haraka. Ukifika kilomita 60 mpaka 80 kwa saa, stelingi isitetemeke mikononi. Ikitetemeka sana, beringi za mahali tairi za mbele zinapogeukia zimechoka, au tairi hazina balansi. Inatengenezeka, lakini mpunguzie bei. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta ni turbo au ringi, na hapo rudi nyuma. Fundi achomoe oili kidogo kwenye difu zote mbili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiinunua, oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kupitisha, kwa sababu turbo ndogo huishi kwa oili safi, na ukimaliza kupanda mlima iache injini ingurume dakika moja kabla hujazima.

Kuhusu RAV4, nikueleze kwa nini nimekuwa mkali. RAV4 ya umri huo, ikiwa ni ya 4WD, inavuta tairi zote muda wote, na katikati ina chombo chenye sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Ekseli moja ikizunguka haraka kuliko nyingine, mafuta yale yanakaza, kama ugali unavyoukaza mwiko, na nguvu inahamia upande wa pili. Ukitoa propela ya nyuma, upande mmoja haufiki popote, na chombo kile kinalazimika kukaza kila dakika ya safari, siku zote, ili tairi za mbele zipate nguvu. Kinachemka na kuungua. Siku wakikurudishia propela gari litaonekana lina 4WD, lakini kiungo cha katikati huenda kimekufa, au kimekakamaa kikagandana na kuanza kula giaboksi. Mafuta yaliyookolewa kwa kutoa propela ni kidogo sana kulinganisha na bei ya giaboksi. Na dalali alivyosema itarudishwa, hakukosea. Kufunga bolti nane si kazi. Kazi ni kujua kilichotokea nyuma yake.

Halafu fungua boneti usome kifuniko cha injini. Kama kimeandikwa D-4, hiyo ni injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inataka petroli safi na fundi mwenye vifaa vyake, hujaza masizi, na wengi wameuza magari yao kwa sababu yake.

Neno kuhusu "namba D". Herufi ya namba inakuambia gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilitengenezwa lini wala lilifanya nini kabla ya kupanda meli. Wapo wanaolipia herufi kana kwamba ndiyo injini.

Sitaki pia ununue Jimny ukiwa umefumba macho kwa upande wa maisha. Ina milango miwili tu ya abiria, na mama akitaka kuja mjini atakaa mbele, kwa kuwa kupita nyuma kwa mtu mzima ni kazi. Watoto wawili wakikaa nyuma, sehemu ya mizigo inabaki ya mfuko mmoja wa sukari na ndoo. Usimalizie mizigo yote juu ya paa. Gari ni jembamba na refu kwenda juu, mzigo wa juu na kona havipatani. Kama hilo linakubana, tafuta Jimny hiyo hiyo ya injini ya 1.3, ambayo nafasi ni ile ile lakini lami haiisumbui, au Suzuki Escudo ya kati ya 1998 na 2005, yenye milango minne na gia nzito. Daihatsu Terios na ndugu yake Toyota Cami ni ndogo, zina 1.3, mama anaingia nyuma bila shida, na difu ya katikati hufungwa ili ekseli zote mbili zivute pamoja; zinakosa gia nzito, lakini mtu makini mwenye tairi nzuri hufika Amani nazo siku nyingi. Mimi binafsi, kwa safari zako hizo na watoto, ningetazama Escudo kwa wiki mbili zaidi kabla ya kuifunga Jimny. Kwa masharti yale yale ya nyundo.

Na pesa yako usiimalize yote kwenye kununua. Katika milioni 13, acha milioni mbili pembeni. Tairi nne mpya ndizo za kwanza. Jimny huvaa 175/80 R16, nyembamba, na wembamba huo ni msaada, maana tairi hukata tope mpaka ikute udongo mgumu chini. Usishawishike kuweka pana kwa ajili ya sura. Wala usichukue zile za kashata kubwa kabisa za porini; zinatema tope vizuri lakini kwenye lami iliyolowa hazina mshiko wa kutosha, nawe unaishi nusu ya safari kwenye lami. Chukua za mchanganyiko, zenye alama ya A/T. Zinazobaki ni za oili zote, mipira ya habu, na kamba ya kuvutia.

Karatasi: namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Ulizia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari, hakikisha bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na uhamishaji wa umiliki ufanyike TRA wewe ukiwepo, siyo kwa ahadi ya wiki ijayo.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukufanyia. Siwezi kusikia chesisi yako ikigongwa. Tafuta fundi asiyejuana na dalali, umlipe wewe mwenyewe, na gari lipandishwe kwenye shimo au jeki zenye stendi kwa saa nzima, mchana, likiwa halijaoshwa chini siku hiyo. Muuzaji akikataa gari lisiinuliwe, mshukuru na uondoke. Na ukikuta chesisi imechomelewa mahali popote, usiamue kwa maneno ya mtu mmoja. Mlete fundi wa kuchomea chuma aitazame mishono.

Fundi akiwa chini, mpe simu yako apige picha tatu: chesisi juu ya ekseli ya nyuma kulia, mahali hapo hapo kushoto, na zile tarakimu nne za tairi. Nitumie kabla hujalipa. Vuli haijaanza bado, tuna muda wa kulikataa moja na kutafuta jingine.